The Terror (1963): kiporo cha Roger Corman kitamu wapi, na kimechacha wapi?

Mzee wa Mikanda

Wakuu, salaam.

Kwa wapenzi wa mikanda ya kutisha ya zamani, ile ya kasri, radi, makaburi na mke aliyekufa ila hajatulia, nafungua uzi wa The Terror. Wengi mmekutana nayo YouTube maana imejaa kila kona, na wengi mmeizima dakika ya ishirini. Tuijadili kwa haki: kipi kinaibeba, kipi kinaiangusha. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa sababu kasoro yake kubwa kuliko zote iko mwishoni. Asiyetaka kujua aishie hapa.

Tuanze na jinsi ilivyotengenezwa, bila hivyo utadhani waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa wamelewa.

Roger Corman, mwongozaji na mtayarishaji wa Marekani, alikuwa anamaliza The Raven, yenye waigizaji Vincent Price, Peter Lorre na Boris Karloff. Mbunifu wake wa seti, Daniel Haller, alikuwa amesimamisha kasri la ndani la maana: ngazi za mawe, ukumbi, mahandaki. Siku chache tu libomolewe. Corman mwenyewe amesimulia kwamba alipanga kucheza tenisi Jumapili, mvua ikanyesha, akabaki nyumbani anawaza: seti ipo, Karloff yupo, kwa nini viende bure? Akamwita Leo Gordon, mwigizaji ambaye pia aliandika, wakatoa kurasa za kutosha kumpa Karloff kazi ya siku mbili. Hadithi kamili haikuwepo. Mzee wa watu, mzaliwa wa 1887, akapandishwa ngazi, akashushwa ngazi, akafunguliwa milango, akasema maneno ambayo hata aliyeyaandika hakujua yanaelekea wapi. Ni kiporo hasa: The Raven imeliwa, kilichobaki kikapashwa moto.

Sasa kikaja kibarua cha kutafuta filamu ya kuzunguka vile vipande. Corman alikuwa amefungwa na mikataba ya vyama vya wafanyakazi wa filamu. Angeongoza mwenyewe, angelipa kikosi kizima kwa viwango vya chama. Akamtuma msaidizi wake, Francis Ford Coppola, miaka tisa kabla ya The Godfather, awapeleke waigizaji Big Sur, pwani ya California, kupiga vipande vya nje. Coppola akapata kazi kwingine akaondoka. Akaingia Monte Hellman. Akaingia Jack Hill, ambaye jina lake limo pia kwenye skripti. Mwishoni Jack Nicholson, steringi mwenyewe, akaomba naye apewe siku yake, maana kila mtu mjini alishaiongoza. Waongozaji wasiopungua watano, na jina lililoandikwa ni la Corman peke yake.

Hadithi: mwaka 1806, Luteni Andre Duvalier (Nicholson) wa jeshi la Napoleon amepoteza kikosi chake kwenye pwani ya Baltiki. Anakutana na msichana, Helene (Sandra Knight), anayetokea na kutoweka. Anamfuata mpaka kasri la Baroni von Leppe (Karloff), na humo ukutani ipo picha ya Ilsa, mke wa Baroni, sura ileile. Ilsa alikufa miaka ishirini iliyopita: Baroni alimfumania na kijana aitwaye Eric, akamuua. Nje ya kasri kuna bibi mchawi, Katrina, mwenye mwewe na mtumishi wa kiume bubu. Ndani kuna mtumishi Stefan, anayejua kila kitu na hasemi.

Nguvu zake ziko wapi?

Chukua kipande cha ufukweni mwanzoni. Mpanda farasi mmoja kwenye mchanga mtupu, amechoka mpaka anateremka kwenye tandiko kama anayedondoka. Mawimbi ya Big Sur ni makubwa kweli, si ya beseni la studio. Anainua uso, mwanamke amesimama pale ambapo hapakuwa na mtu. Hapigi kelele, hana meno ya damu. Anamwongoza kuelekea majini, bahari inamfunika, na mwewe anamshukia yule luteni kichwani. Dakika chache, maneno kiduchu, na umeshaingia. Hakuna aliyekueleza huyu ni mzimu au ni mtu, wala hutaki kuelezwa. Nicholson na Sandra Knight walikuwa mume na mke wakati ule, na nadhani ndiyo maana hawahangaiki kuonyesha kwamba wanavutana. Wanatazamana tu, inatosha.

Pili, Karloff. Umri umemwelemea, miguu inamsumbua, na hayo yote yameingia kwenye Baroni. Mtazame anapozungumzia Ilsa: hainui sauti, anaongea kama mtu aliyeisema habari hiyo usiku na usiku akiwa peke yake. Kwenye mkanda ambao kila mtu anakimbilia mahali, yeye peke yake hana haraka.

Tatu, kasri la Haller na muziki wa Ronald Stein. Stein anajua lini apandishe na lini aache ukimya wa korido ufanye kazi. Kwa bajeti ile, picha za ndani zina rangi na vivuli ambavyo filamu za fedha nyingi zaidi za wakati ule hazina.

Sasa kasoro.

Korido. Karloff anapita korido, anapita tena, anafungua mlango, anapita ya tatu. Unaona kabisa kwamba kuna mtu chumba cha uhariri anatafuta dakika. Usiku mwingi ni mchana uliofifishwa kwa kichujio, vivuli vya jua viko chini wazi. Na mazungumzo, jamani: watu wanaulizana maswali, wanakataa kujibu, wanaondoka, wanakutana chumba kingine, wanaulizana yaleyale.

Halafu kile kipande maarufu cha ukutani. Vipande vyote vilipokusanywa, Corman akaona hakuna anayeelewa kitu. Akawaita Nicholson na Dick Miller (Stefan) baadaye kabisa, Nicholson akamkunja Miller, akambamiza ukutani, niambie kinachoendelea! Miller anamwaga yote kwa mkupuo mmoja. Ni filamu inayojihoji yenyewe kwa mabavu.

Na anachokimwaga ndicho kinachoniudhi: usiku ule wa fumanizi aliyekufa si Eric, ni Baroni. Eric alishika nafasi yake, akavaa nguo zake, akaishi kwa majuto mpaka akaamini yeye ndiye Baroni. Na Katrina, ambaye miaka yote amekuwa akimtumia mzimu wa Ilsa ili "Baroni" ajiue, ni mama yake Eric.

Msimamo wangu: mkanda huu ni mzuri kila unaponyamaza, na unaharibika kila unapoanza kujieleza. Karibuni.

Kaka Dula

Mkuu umeimaliza yote, sasa tukaangalie nini 😂

Ila kweli niliwahi kuiangalia nikajua simu yangu imeruka vipande.

Bint Pangani

Mzee wa Mikanda, nakuheshimu ila hapo kwenye mwisho nakupinga.

Hilo la Eric ndilo jambo la pekee la maana ndani ya hadithi yote. Liondoe, unabaki na nini? Mume aliua mke, anajuta, mzimu unamsumbua. Tumeshaziona mia. Ukiliweka, unapata mama anayemroga mwanawe wa kumzaa akidhani anamlipia kisasi. Kila usiku anamtuma yule binti akamwambie mzee ajiue, na mzee huyo ni yuleyule anayemlilia. Kwa watu waliolelewa na habari za radhi ya mama, hiyo ni ya kutisha kuliko mwewe na mifupa. Na pale Stefan anapomwambia ukweli, bibi anashindwa hata kumsaidia mwanawe: ana mkataba na shetani, hawezi kukanyaga ardhi iliyobarikiwa, wanamburuta mpaka kwenye lango la kanisa na radi inampiga, anaungua akiwa anajua alichokifanya. Nitajie mkanda wa bei ya chee wa miaka ile wenye adhabu iliyokaa sawasawa hivyo.

Halafu Eric kuamini kwamba yeye ndiye Baroni, mbona hilo ndilo lenyewe kwenye hadithi za makasri? Mtu anaimeza dhambi ya mwenzake mpaka jina lake mwenyewe linapotea. Sioni tatizo.

Ngarambe

Naunga mkono dada. Tena wanasema Baroni hajatoka nje ya kasri miaka ishirini, kwa hiyo bibi kutomtambua mwanawe inaingia akilini.

Mzee wa Mikanda

Bint Pangani, wazo silipingi. Kwenye karatasi ni wazo zuri, na ulivyolieleza wewe ni zuri kuliko lilivyo kwenye mkanda. Ninachopinga ni kwamba halikupigwa picha. Lilisemwa tu.

Fanya hesabu. Fumanizi lilitokea miaka ishirini nyuma. Eric alikuwa kijana, mpenzi wa siri wa mke wa mtu. Tumpe miaka thelathini wakati ule, basi sasa ana hamsini. Karloff alikuwa na miaka 75 hivi na anaonekana hivyohivyo. Na mama yake, Dorothy Neumann, katika maisha halisi alikuwa mdogo kwa Karloff kwa zaidi ya miaka ishirini! Wamempaka vipodozi vya uzee, wakamfunga vitambaa, ila bado unapoambiwa huyu bibi ndiye aliyemzaa yule babu, kichwa kinagoma. Sitaki kuwa mshamba wa hesabu kwenye mkanda wa mizimu. Mizimu naikubali. Ila hapa filamu inanitaka nilie kwa ajili ya mama na mtoto, na macho yangu hayaoni mama wala mtoto.

La pili ni zito zaidi. Karloff alipopiga vipande vyake, jambo la Eric halikuwepo. Lilikuja baadaye wakati wanatafuta namna ya kufunga hadithi. Rudi umtazame anavyomweleza luteni habari ya usiku ule. Anaongea kama mume aliyesalitiwa, ana hasira ya mume, ana aibu ya mume. Hakuna hata sehemu moja anayoteleza, neno lisilo lake, kutazama picha ya Ilsa kama mwizi anavyotazama mali ya mtu. Mwigizaji wa kiwango chake ukimwambia "wewe kumbe si Baroni", angekupa mtu mwingine kabisa. Walimnyima siri ya mhusika wake, halafu wakatubandika sisi hiyo siri dakika kumi za mwisho.

Utasema: si ndiyo maana Eric ameamini kabisa yeye ni Baroni, hawezi kuteleza. Sawa, ila hiyo ni sisi tunawafanyia kazi ambayo walipaswa kuifanya wao.

La Katrina langoni nakupa. Hicho kipande kinanishika kila mara.

Bint Pangani

Kuwafanyia kazi ndiyo raha ya mikanda hii, mzee wangu. Ile ya fedha nyingi imeshafanya kila kitu, mtazamaji unakaa kama mzigo.

Ila hilo la umri wa mama sikulijua. Hapo umenichekesha.

Msafiri wa Kiel

Niko huku kaskazini mwa Ujerumani, Baltiki naiona karibu kila siku, acha niseme neno. Bahari hii karibu haina kupwa na kujaa. Siku za kawaida mawimbi yake yanalambalamba tu. Majabali yapo, mfano yale meupe ya chokaa kule Rügen, lakini ile miamba myeusi yenye mawimbi yanayopasuka kama mabomu kwenye The Terror haipo. Ni Pasifiki tupu. Mjerumani mmoja niliyeiangalia naye alikuwa anacheka kila luteni anapofika ufukweni.

Mimi haikunisumbua. Hata The Raven na zile nyingine za Corman, Ulaya yake haipo popote kwenye ramani.

Mzee wa Mikanda

Msafiri, na mimi naiona hivyo. Wangeipiga kwenye maji yaliyotulia kipande cha kwanza kingekufa.

Ngarambe

Mbona hakuna anayemsema Nicholson? Tumemzoea yule wa baadaye, ila humu alikuwa mbovu. Luteni wa Napoleon anaongea kama muuza magari wa California. Anaingia kwenye kasri la mtu usiku, hana hofu, hana adabu, amekunja uso tu.

Mzee wa Mikanda

Mbovu kweli, sitamtetea. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na Easy Rider iliyompa jina ilikuwa bado miaka sita mbele. Anasema maneno ya skripti kana kwamba ameyasoma asubuhi ileile, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Ila tofautisha: akiwa peke yake na bahari au na Sandra Knight yuko sawa. Akikutana na Karloff meza moja ndipo anapotea, maana yule mzee anaweza kusubiri na yeye hajui bado kusubiri.

Na kama ni lafudhi, Dick Miller ndiye anayepaswa kushtakiwa. Mtumishi wa kasri la Baltiki karne ya kumi na tisa, sauti ya Bronx, kule New York, moja kwa moja. Cha ajabu mimi Stefan nampenda. Ana uso wa mtu aliyechoka kutunza siri za tajiri, uso tunaoujua.

Kaka Dula

Nimeenda kuiangalia tena usiku huu kwa ajili ya huu uzi. Yule bubu kudonolewa macho na mwewe halafu anaanguka kwenye jabali, mwewe wenyewe hawaonyeshi vizuri, damu yenyewe rangi, lakini nikaweka simu chini kwanza.

Swali: mwisho kabisa, luteni anamtoa Helene kwenye maji, anambusu, uso unayeyuka. Kwa hiyo alikuwa amekufa muda wote? Yule alikuwa Ilsa?

Bint Pangani

Ndiyo, Dula, alikuwa Ilsa aliyeitwa na Katrina. Ingawa filamu yenyewe kabla ya hapo inakuacha ufikiri labda ni msichana wa kawaida aliyepumbazwa kwa uchawi. Inabadili mawazo kila robo saa. Hapo nakubaliana na wanaosema waongozaji hawakuwa wanaongea wao kwa wao: wa ufukweni anapiga mzimu, wa ndani anapiga msichana anayehitaji kuokolewa.

Ila ule uso kuyeyuka, pamoja na kwamba ni urojo wa kahawia umemiminwa kwenye kinyago, umewekwa pazuri. Kasri limeshafurika, Baroni amezama, unadhani yameisha. Luteni anapata alichokuwa anakifuata tangu mwanzo, na hicho ndicho anachokipata.

Mzee wa Mikanda

Ongezeni hapo: Corman alikuwa amechoka kufunga filamu zake kwa moto. House of Usher ya 1960 inaungua, na nyingine zikafuata njia hiyo. Safari hii akasema maji. Ni uamuzi mzuri kwa hadithi iliyoanzia baharini.

Mwana Kurasini

Wakuu mmesahau sehemu tamu kuliko zote. Mkanda huu ulizaa mwingine ulio bora kuliko wenyewe.

Miaka imepita, Karloff bado anadaiwa na Corman siku mbili za kazi. Corman akamwita kijana Peter Bogdanovich akampa sharti: chukua Karloff siku mbili upige dakika ishirini, chukua dakika ishirini za The Terror, zilizobaki piga na watu wengine, unitolee filamu. Wengi wangetoa takataka. Bogdanovich akaja na Targets, 1968. Karloff anaigiza mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, Byron Orlok, anayetaka kustaafu kwa sababu dunia imemzidi: magazeti yana mauaji halisi, nani atamwogopa mzee aliyepakwa rangi? Upande wa pili kijana wa familia nzuri, mpole, ananunua bunduki na kuanza kupiga watu risasi bila sababu. Wanakutana kwenye sinema ya wazi ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, aina ile ile waliyokuwa nayo watu wa Dar pale Msasani ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Na filamu inayoonyeshwa usiku huo ni The Terror. Kijana amejificha nyuma ya skrini, anafyatua kupitia tundu, huku Karloff wa korido anatembea juu ya skrini kwa ukubwa wa jengo.

Nilipoiona hiyo ndipo nilipozisamehe zile korido. Yale matembezi yasiyo na maana yakapata maana kwenye mkanda wa mtu mwingine. Karloff alifariki Februari 1969.

Mzee wa Mikanda

Mwana Kurasini, hapo umegusa penyewe. Na angalia Bogdanovich alichokichagua: hakuchukua kipande cha ukutani wala cha maelezo. Alichukua Karloff anayetembea na maji yanayoingia. Alijua nini kinafanya kazi.

Ngarambe

Sasa mbona iko kila mahali bure? Mwenye mali hana habari?

Mwana Kurasini

Ilitoka bila tangazo la hakimiliki kwenye filamu. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyotolewa hadharani bila lile tangazo ilikuwa inakuwa mali ya umma. Ndivyo ilivyoikuta Night of the Living Dead pia. Kwa hiyo yeyote mwenye nakala akaidurufu, akaiuza, mwingine akadurufu ya yule. Baada ya miongo kadhaa ya kudurufu unapata hizo za YouTube ambazo nusu ya usiku ni giza tororo, huoni Karloff wala korido.

Kaka Dula

Basi niliyoiona mimi ilikuwa hiyo. Niliyemwona vizuri ni mwewe tu.

Mzee wa Mikanda

Dula, tafuta iliyosafishwa, zipo kwenye diski na hata mtandaoni ukivumilia. Dakika themanini hivi tu, haichukui usiku. Namna ya kuipima kabla hujapoteza kifurushi: nenda kwenye kipande cha ufukweni pale mwanzo. Bahari ikiwa buluu na povu jeupe, endelea. Ikiwa imegeuka zambarau au maji ya chai, funga, tafuta nyingine. Halafu ukimaliza, Targets ifuate siku hiyohiyo, kabla Karloff hajakutoka kichwani.